Kutembelea skuli yetu ya maandalizi (chekechea): maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yametoka kwenye simu na jumbe za miaka kadhaa: za ndugu zetu wa Muscat na London wanaokuja likizo na watoto wao, za wanafunzi wa ualimu, za watu wa Mjini wanaotaka kuleta sadaka, na za wageni wenye jamaa wanaofanya kazi mahotelini. Anayejibu ni katibu wa kamati ya skuli, ambaye pia ana mjukuu darasa la wadogo, kwa hiyo usitarajie majibu yasiyo na upande. Kijiji sikitaji jina. Kiko pwani, Mkoa wa Kusini Unguja, na sababu ya kutokitaja utaiona kwenye swali la madereva.

Hii ni skuli ya serikali au ya mtu?

Si ya serikali wala si ya mtu. Ni ya kijiji. Mzee mmoja alitoa kiwanja, vijana wakafyatua matofali, kinamama wa mwani wakachanga bati. Serikali imeisajili, mkaguzi huja, na mtaala tunaofuata ni wake, lakini walimu hawamo kwenye orodha yake ya mishahara.

Watu wengi hushangaa hapo. Elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na wazee wetu wanaikumbuka siku ile kama ya jana. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 nayo ikaiweka miaka miwili ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima. Mzazi akiambiwa achangie, huuliza kwa nini, na ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba darasa la maandalizi la serikali lililo karibu nasi liko ng'ambo ya barabara kuu ya lami, na mtoto wa miaka minne hatumvushi barabara ile peke yake.

Skuli za namna hii hazikuanza kwetu. Miaka ya 1980 huko Mombasa, mradi wa Madrasa ulio chini ya taasisi za Aga Khan ulianzisha maandalizi palepale ambapo Waislamu wa pwani walikuwa wamezoea kuwapeleka watoto kusoma Qur'ani, kwa walimu wa kike wanaotoka kwenye jamii hizohizo na kwa zana za kuokota. Mradi ukafika Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda mwaka 1993. Halafu mwaka 2006 vikaja vituo vya redio. Kipindi kiliitwa Tucheze Tujifunze, na kwa kuwa Waswahili hatupendi jina refu, vituo vikawa "Tutu". Redio moja, mwalimu mmoja wa kujitolea, watoto barazani au chini ya mti. Mwalimu wetu mkubwa alianzia huko, na mpaka leo akitaka watoto wanyamaze hufanya kama anafungua redio: anazungusha kidole hewani, wote kimya.

Nije siku gani?

Jumanne, Jumatano au Alhamisi, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi. Ijumaa tunawahi kufunga. Jumatatu watoto wametoka kukaa nyumbani siku mbili na wadogo wanalia, hawana hamu na mgeni.

Kisha tazama mwezi. Sifanyi mzaha. Hapa mwani unalimwa tangu mwaka 1989, ulipoanza kulimwa upande huu wa mashariki, Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka sana asubuhi, na kufikia saa nne kinamama wote wako mbali huko kwenye vigingi vyao. Ndizo siku skuli inapojaa kupita zote, kwa sababu hata mtoto mwenye mafua huletwa. Hakuna wa kumwachia nyumbani. Ukitaka kuona skuli inavyofanya kazi yake ya kweli, njoo bamvua. Ukitaka kuzungumza na wazazi, njoo maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki sana. Kuna taasisi iliwahi kuitisha mkutano wa wazazi siku ya bamvua, saa nne asubuhi. Walikuja wazee wanne wa kiume na mbuzi mmoja, na ripoti yao ikaandika kwamba wazazi wa kijiji hawana mwamko.

Kuna nyakati ambazo nisije kabisa?

Wiki mbili za mwanzo za Januari, watoto wapya wanapoingia. Mtoto anayemwacha mama yake kwa mara ya kwanza hahitaji kuona na uso wako.

Mwezi wa Ramadhani tunafunga skuli. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, unaweza kuja lakini chumba kimoja kinavuja, kwa hiyo madarasa mawili hukaa pamoja na hatusikilizani. Na ile siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai, hata usithubutu: hutamkuta mtu, sote tuko Makunduchi.

Nimwombe nani ruhusa?

Mpigie mwalimu mkuu au mimi, angalau wiki moja kabla. Sisi tutamwambia sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini. Ukija peke yako au na familia yako, hayo yanatosha. Mkiwa kundi, au mkitoka chuo au taasisi, tunahitaji barua, na nakala yake tunaipeleka Ofisi ya Elimu ya Wilaya. Tukishakubaliana siku, tutakwambia upande daladala gani na uteremkie wapi.

Kuna wanaosema, "Mimi mtoto wa hapahapa, niombe ruhusa ya nini?" Mtoto wa hapahapa hasa ndiye anayejua kupiga hodi.

Dereva wangu wa hoteli anasema skuli ziko wazi, mtu anapita tu. Ni kweli?

Si kwetu. Zamani ilikuwa hivyo. Kulikuwa na msimu mmoja gari zilikuwa zikisimama mlangoni bila taarifa, mara tatu kwa asubuhi moja, watalii wanashuka, watoto wanatolewa nje kuimba, picha, pipi, gari linaondoka. Kufikia gari la tatu mwalimu alikuwa hajamaliza hata kuita majina. Jambo lililotuuma zaidi tulilijua baadaye: wale wageni walikuwa wamelipia safari ile, na hatukuwa tumeona senti. Hatuwalaumu wao, walidhani wanatusaidia.

Siku hizi lango lina kufuli, na watoto wetu wamefundishwa kwamba kupiga kelele "pipi!" kwa mgeni barabarani ni utovu wa adabu. Wanasahau, lakini wanakumbushwa. Na jina la kijiji, kama nilivyosema, haliandikwi hapa.

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, mwanamke na mwanamume. Kanga ya kujitanda inatosha, na ukisahau walimu wana ya kukuazima. Viatu unavua mlangoni kwa sababu watoto wanakaa kwenye mkeka.

Nikiingia darasani nifanye nini?

Toa salamu. "Assalaamu alaykum" yatosha, na kama si Mwislamu "hamjambo" inapokelewa vilevile, kwa sauti ya kupasua paa. Msalimie mwalimu kwanza, kisha watoto. Halafu keti. Keti chini, kwenye mkeka, pembeni, usisimame katikati na simu mkononi kama mpimaji wa viwanja. Mtu mzima akisimama mbele ya watoto 60 wenye miaka minne, somo limekwisha.

Baada ya dakika kumi watakuzoea, ndipo utakapoona mambo. Utaona kona ya duka yenye maboksi ya sabuni na mizani ya vifuu viwili na kijiti. Vizibo vya soda ndivyo fedha, makombe ya pwani ndiyo bidhaa, na muuzaji wetu maarufu, msichana wa miaka mitano, hamkopeshi mtu hata akilia. Utaona kona ya vitabu, vichache, vimeshonwa kwa uzi. Mara nyingi wageni huniuliza kwa huruma kwa nini watoto wanachezea takataka. Bibie, zile si takataka. Mtoto aliyepanga vizibo vya rangi mbili, viwili viwili mpaka kumi, amefanya hesabu.

Ukiombwa, toa hadithi. Sema "Paukwa!" nao watakujibu "Pakawa!", na baada ya hapo huna pa kukimbilia, lazima uwe na hadithi.

Naweza kuwafundisha Kiingereza kidogo?

Hili naliulizwa kila wiki, na jibu langu huwakera watu: hapana.

Wacha nieleze. Mwalimu wetu anafundisha sauti za herufi kwa Kiswahili: a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake, haibadiliki. Akaja kijana mmoja, mpole kabisa, akawaimbia watoto herufi za Kiingereza kwa dakika ishirini. Kwa Kiingereza jina la herufi E hutamkwa "i", na jina la I hutamkwa "ai". Watoto walifurahi, walipiga makofi, yule kijana akaondoka na machozi ya furaha. Kesho yake mwalimu anaandika E ubaoni, nusu ya darasa inasema "i". Alihitaji zaidi ya wiki kulifumua fundo lile, na mvulana mmoja mpaka leo akiandika "embe" huanza na I.

Kuna la pili. Mgeni akishika chaki, mwalimu hukaa pembeni, kwa sababu ndivyo alivyolelewa: mgeni hupewa kiti. Watoto wanaona. Wanaona kwamba mtu yeyote aliyetoka mbali anajua kuliko mwalimu wao. Mwalimu huyo anaamka saa kumi alfajiri, anapika, anachota maji, anakuja kwa posho ambayo baadhi ya miezi haifiki. Sipendi kumwona akikaa pembeni darasani mwake.

Basi nikitaka kujitolea kwa miezi miwili mitatu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi jembe tunalo. Lakini si la kufundisha. Kama unajua useremala, kuna madawati ya wakubwa yanayumba. Kama unajua hesabu za fedha, mshika fedha wetu angefurahi kukaa nawe jioni tatu. Kama umesomea elimu ya awali, kaa na walimu baada ya saa sita, watoto wameshaondoka, mtengeneze zana pamoja.

Kama wewe si Mtanzania, viza ya matembezi haikuruhusu kujitolea. Kuna kibali cha ukaazi daraja C, na shughulikia kabla hujaja, si baada ya kukamatwa. Wanafunzi wa utafiti nao wajue kwamba Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali. Kile cha Bara peke yake hakikufungulii mlango huku. Walimu wetu wameshajaza madodoso mengi mno, kwa hiyo ukija na lako, uje pia na ahadi ya kurudi kutusomea majibu.

Nilete zawadi gani?

Kaa vizuri, hapa pana maneno.

Pipi, hapana. Meno ya watoto hayana daktari wa karibu.

Zawadi zisizotimia idadi, hapana tena kwa herufi kubwa. Familia moja ilileta mikoba 30 mizuri, ya rangi, kwa watoto 64. Waliuliza idadi wakajibiwa "kama thelathini hivi" na mtu aliyeijua skuli miaka mingi iliyopita. Waliona aibu kurudi nayo, walimu wakaona aibu kuikataa. Waliopata walitamba, waliokosa walilia mpaka mama zao wakaja, na mama wawili hawakusemezana hadi Idi. Tangu siku ile, chochote kinacholetwa hakigawiwi mbele ya mgeni. Kinapokewa ofisini na kuandikwa daftarini, kisha kamati inaamua. Najua mgeni anapenda kuona uso wa mtoto anapopokea. Samahani.

Midoli ya betri hufa ndani ya wiki. Nguo za mitumba zinauzwa Mjini kwa bei nafuu, usisafiri nazo. Vitabu vya lugha ya kigeni vyenye picha za theluji walimu huvipenda kwa heshima tu. Bembea ya chuma tuliletewa, ya kupendeza, ikaliwa na kutu baada ya masika mawili, maana hewa ya bahari haiheshimu rangi. Fundi wa ngalawa akatufungia tairi kuukuu kwa kamba kwenye mti wa mkungu, na mpaka leo watoto wanapigania tairi lile.

Tunachohitaji kinachosha kukisikia: karatasi, gundi, chaki, rangi za nta, sabuni, na unga wa uji. Uji. Watoto kadhaa hufika hawajala kitu, na mtoto mwenye njaa hata umwimbie nini hakusikilizi. Wazazi wanachanga unga, sukari na kuni kwa zamu, na mwezi wa mwani mbaya zamu hukatika. Gunia moja la unga, limenunuliwa duka la hapahapa kijijini, linafanya kazi kuliko sanduku zima lililopandishwa ndege. Na mwenye duka naye ana mtoto skulini, kwa hiyo fedha inazunguka.

Na nikitaka kutoa fedha?

Kwa mshika fedha, si kwa mwalimu mkononi, si kwangu, na kamwe si kwa mtoto. Utapewa risiti yenye muhuri. Fedha inaingia benki kwenye akaunti yenye watia saini watatu, na hesabu husomwa mbele ya wazazi kila muhula, siku ya maji mafu.

Ukiniuliza mimi binafsi itumike wapi, nitasema posho ya walimu, na najua hutapenda. Watu wote wanataka kujenga. Jengo lina ukuta wa kubandika jina. Skuli jirani ina vyumba vitatu vizuri vilivyopakwa rangi na wafadhili watatu tofauti, na mwalimu mmoja, kwa sababu wenzake wawili walikwenda kufua mashuka hotelini ambako mshahara unafika mwisho wa mwezi. Sisi tumepoteza wanne kwa njia hiyo, wote baada ya kuwapeleka mafunzo kwa gharama yetu. Siwalaumu, na mimi ningekwenda.

Usiahidi usichoweza. Mgeni akisema "nitaona nifanyeje", kwa watoto na wazee hiyo ni ahadi, na watakuwa wakiniuliza mimi kwa miaka.

Picha?

Vyumba, zana, ubao, bahari: piga utakavyo. Uso wa mtoto, hapana, isipokuwa mzazi wake amekubali na wewe umemwambia picha inakwenda wapi. Mwalimu hawezi kukubali kwa niaba ya mzazi. Wazazi wengi watakataa, nao hawadaiwi sababu. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto tangu mwaka 2011, lakini hata bila sheria, jaribu kufikiri mtu wa kutoka Pemba ameingia nasari ya mwanao huko London, amempiga picha akiwa na kamasi, ameiweka mtandaoni na maneno ya huruma.

Droni: hapana. Ilikuja moja, watoto wakaingia chini ya meza.

Kuna masharti mengine kuhusu watoto?

Machache, na hayana mjadala. Usikae na mtoto peke yake mahali palipojificha. Usimsindikize chooni, walimu wapo. Usimpakie garini hata kama anakwenda njia yako. Mtoto akikukumbatia mkumbatie, wewe usianze. Tunawaambia hayo wageni wote, akiwemo mjumbe mmoja wa heshima aliyenuna, na kahawa tukampa vilevile.

Nina watoto wangu, wamezaliwa nje, Kiswahili chao kibovu. Niwalete?

Walete. Kwa nusu saa watasimama nyuma yako, kisha utawatafuta huwaoni. Watakuwa kwenye tairi. Waambie tu wasilete simu za kuchezea, na usiwasemee. Mtoto akiulizwa jina na mwenziwe, mwache ajibu mwenyewe, hata kwa Kiswahili cha kuchechemea. Watachekwa kidogo. Si neno.

Tutakula?

Uji, saa nne, kikombe kimoja, pamoja na watoto. Usikatae, na usiombe wa pili. Chakula cha mchana unaweza kupikiwa na mmoja wa kinamama ukisema mapema, na huyo unamlipa yeye mwenyewe, waziwazi. Saa nane watoto wengi wanakwenda chuoni kusoma Qur'ani, kwa hiyo baada ya hapo usiwatafute.

Nimefika siku niliyoambiwa, lango limefungwa, simu haipokelewi. Nifanyeje?

Yawezekana kuna msiba. Mtu akifa kijijini skuli inafungwa saa hiyohiyo, na hatuna muda wa kukupigia, kwa sababu maziko hayangoji. Kaa kwenye baraza la nyumba yoyote iliyo mbele yako. Atatokea mtu, atakuletea maji, atakueleza. Ukiitwa msibani, nenda. Utakaa na wenzako, wanaume upande wao na wanawake upande wao, hutaulizwa ulikuja kwa shughuli gani. Skuli tutapanga siku nyingine.